Spea zilizopozwa kwa baridi kali: zina thamani gani kwa anayeuza Quitunda?

QUITUNDA, Cabo Delgado. Dereva wa chapa anayebeba abiria na mizigo kuja Quitunda hahesabu umri wa spea kwa miaka. Anauhesabu kwa safari. Mchanga huingia kwenye beringi, chumvi ya bahari hula boliti, na breki huchoka mapema chini ya mzigo wa saruji, mchele na mafuta ya kupikia. Spea ikifa, nyingine hutoka Pemba upande wa kusini, au Mtwara na Dar es Salaam upande wa kaskazini. Kila siku gari linapokaa juu ya mawe ni siku isiyo na kipato.

Ndiyo maana kwenye ukanda huu wa Ruvuma neno "inadumu" linauza kuliko neno "rahisi". Na ndiyo maana wafanyabiashara wa spea wanapaswa kuielewa mapema bidhaa ambayo imekuwa ikiuzwa Marekani na Ulaya kwa miongo kadhaa: vyuma vya gari vilivyopozwa kwa baridi kali ili vichelewe kulika. Gia, diski za breki, pistoni na springi huwekwa kwenye sanduku maalumu, hupozwa hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, kisha hurudishwa taratibu kwenye joto la kawaida. Timu za magari ya mashindano zimeitumia njia hii, na karakana za nje huitangaza kwa wenye malori.

Shida ni moja. Spea iliyopozwa na ambayo haikupozwa zinafanana kama pacha. Rangi ni ileile, uzito ni uleule na umbo ni lilelile. Kinachotofautiana kwa macho ni bei tu. Mwenye mtaji mdogo anayevuka mpaka na mzigo wake akinunua maneno badala ya chuma, atakuwa ameuza jina lake kwa wateja ambao kesho atawakuta njiani.

Kijiji kilichotokana na baridi

Ni ajabu kidogo kwamba swali hili linaihusu Quitunda, kwa sababu kijiji chenyewe kipo hapo kutokana na baridi. Kilijengwa kupokea familia zilizohamishwa kutoka Quitupo na maeneo mengine ya rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, ili kupisha kiwanda cha kusindika gesi asilia. Familia za kwanza zilianza kuhamia mwaka 2019. Wengi walikuwa wakulima na wavuvi, na wavuvi walijikuta wakiishi mbali zaidi na bahari waliyoizoea.

Kazi ya kiwanda cha namna hiyo ni kupoza. Gesi ikifikishwa karibu nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Hapo ndipo meli moja inaweza kubeba gesi ambayo bila kupozwa ingehitaji mamia ya meli.

Mradi haukwenda kama ulivyopangwa. Machi 24, 2021 wapiganaji walishambulia mji wa Palma. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbia, na wengi walijihifadhi Quitunda, karibu na uzio wa mradi. Mwezi uliofuata kampuni ya Total, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, ilisimamisha kazi. Wanajeshi wa Rwanda na wa nchi za SADC waliingia Cabo Delgado Julai mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2025 kampuni ikatangaza kuondoa zuio hilo. Kufikia wakati huo mtambo unaoelea wa Coral Sul, ulioko baharini katika bonde la Rovuma, ulikuwa umeshaanza kazi, na shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022.

Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba baridi ya Afungi itakuwa ya bure kwa mafundi wa jirani. Sivyo. Kiwanda kinachosindika gesi hutumia nishati nyingi kuitia baridi gesi hiyo, kisha baridi hupanda melini pamoja na mzigo. Anayeweza kuivuna ni yule anayeipokea na kuirudisha kuwa hewa. Japani, ambayo ni miongoni mwa nchi za wanunuzi wa gesi ya Afungi, ina vituo vya kupokelea gesi vinavyotumia baridi hiyo kutengeneza naitrojeni na oksijeni za kimiminika. Gesi inatoka Cabo Delgado, na ubaridi wake unakwenda kufanya kazi ugenini.

Isitoshe, gesi asilia ni metani, nayo huwaka. Karakana za vyuma hutumia naitrojeni, ambayo haiwaki na ni takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Naitrojeni huchemka na kuwa hewa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yaani ni baridi zaidi hata ya gesi iliyosindikwa.

Baridi inafanya nini ndani ya chuma

Mhunzi yeyote anajua nusu ya habari hii. Anachoma panga hadi liwe jekundu, analichovya majini, na chuma kinakuwa kigumu. Ndani yake punje za chuma zimejipanga upya. Kikiwa na moto mkali, chuma cha pua huwa na mpangilio unaoitwa austenaiti. Kikipozwa ghafla, mpangilio huo hugeuka kuwa matensaiti, ambayo ni ngumu na haikwaruziki kirahisi.

Nusu ya pili ni kwamba mgeuko huo hauishi pale joto linapofika la kawaida. Katika vyuma vyenye kaboni nyingi au vilivyochanganywa na madini mengine, sehemu ya austenaiti hubaki ilivyo, kama ugali uliobaki na punje mbichi katikati. Sehemu hiyo ni laini, na baadaye inaweza kugeuka yenyewe na kubadili kidogo kipimo cha kifaa. Ukiendelea kukipoza chuma chini ya sifuri, mgeuko unaendelea. Viwanda vya beringi, gia na vifaa vya kupimia vimetumia baridi ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka mingi kwa sababu hiyo.

Baridi ya nyuzi 190 inadai kuongeza jambo jingine. Watafiti wa Japani waliochapisha kazi yao mwaka 1994 walionyesha kwamba, katika chuma kimoja cha kutengenezea zana, baridi kali husaidia kuzaliwa kwa chembe ndogo sana na ngumu za kabaidi, zilizotawanyika vizuri ndani ya chuma. Chembe hizo hufanya kazi kama kokoto ndani ya zege: zinazuia uso usilike haraka.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Chuma hupozwa polepole kwa saa kadhaa, hukaa kwenye baridi kwa karibu siku nzima au zaidi, hurudishwa polepole, kisha hupashwa moto mdogo, kwa kawaida wa nyuzi 150 hivi au zaidi, ili ugumu mpya usikifanye kiwe chepesi kukatika. Anayekitumbukiza chuma kwa ghafla kwenye naitrojeni na kukitoa baada ya dakika chache hajakipoza. Amekitafutia ufa.

Lakini si baridi huvunja chuma?

Swali hilo ni halali. Chuma cha kawaida kikiwa bado kwenye baridi kali hupasuka kama chungu. Oktoba 20, 1944 mjini Cleveland, Marekani, tanki la gesi iliyosindikwa lilipasuka na kusababisha moto ulioua watu wapatao 130. Chuma chake kilikuwa na nikeli ya asilimia 3.5 tu. Tangu hapo matanki mengi ya gesi ya namna hiyo yamejengwa kwa chuma chenye nikeli ya asilimia 9, ambacho hubaki imara hata kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri.

Tofauti ni kwamba tanki huishi ndani ya baridi, ilhali gia iliyopozwa hukaa humo siku moja au mbili tu bila kubeba mzigo, kisha inarudi kwenye joto lake. Ikifungwa kwenye gari tayari imeshapoa, imeshapashwa na imeshatulia. Baridi imepita, ila alama zake zimebaki ndani.

Spea ipi inafaidika

Hapa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kuwa makini, kwa sababu matangazo huzungumza kana kwamba kila chuma ni kimoja.

Randall Barron wa chuo cha Louisiana Tech, Marekani, ni mmoja wa watu waliopima jambo hili mapema. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1982 alilinganisha vyuma vya aina nyingi. Vyuma vya kutengenezea zana vilipata faida kubwa ya kutokulika. Chuma kisichoshika kutu kilipata faida ndogo. Chuma cha kawaida chenye kaboni na chuma cha kusubu havikuonyesha faida ya maana.

Chuma cha kusubu ndicho kinachotengeneza diski na dramu nyingi za breki, nazo ni miongoni mwa spea zinazotangazwa zaidi kuwa zimepozwa. Majaribio ya baadaye ya diski yametoa majibu yasiyolingana: mengine yaliona ulaji umepungua, mengine hayakuona tofauti kubwa. Kwa hiyo anayeahidi kwamba diski itadumu mara tatu katika kila gari na kila barabara anaahidi asichoweza kukithibitisha.

Gia za gia boksi na za difu zina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa uso wake huwa umeongezwa kaboni na una austenaiti iliyobaki. Lakini hata hapo wahandisi wengine huiacha kidogo kwa makusudi, kwa sababu husaidia jino la gia kustahimili mzigo unaorudiarudia. Springi za majani hukatika zaidi kwa uchovu kuliko kwa kulika, na dawa yake inayojulikana viwandani ni kuupiga uso wake kwa risasi ndogo za chuma.

Kuna vitu ambavyo baridi haivisaidii kabisa. Mpira wa bushi, sili za mafuta na mabomba ya breki havihusiki. Kutu ya chumvi haizuiliki kwa njia hii. Na beringi iliyoingiwa na mchanga kwa sababu sili imechanika itakufa, iwe imepozwa au haikupozwa. Kwenye barabara za Palma, sili nzima na grisi safi vinaweza kuokoa beringi nyingi kuliko mtungi wa naitrojeni.

Hesabu ya dukani

Tuseme diski inauzwa kwa 100, iwe ni meticais au shilingi kwa maelfu, na iliyopozwa inauzwa kwa 130. Kwa haraka mteja ataona kwamba lazima idumu asilimia 30 zaidi ndipo asile hasara. Lakini fundi naye hulipwa. Ikiwa kufunga ni 20, ya kawaida inamgharimu 120 kila inapobadilishwa, na iliyopozwa 150. Sasa inatosha idumu asilimia 25 zaidi. Ongeza kipato kinachopotea gari linapolala, tuseme 40, na hesabu inakuwa 160 dhidi ya 190. Asilimia 19 zinatosha.

Maana yake ni kwamba kadiri mahali palivyo mbali na duka, ndivyo spea inayodumu inavyostahili bei ya juu. Mteja wa Kariakoo anayebadilisha diski asubuhi na kurudi barabarani mchana hana haja kubwa. Mteja wa Quitunda anayesubiri mzigo uvuke Ruvuma anayo. Lakini mteja huyohuyo ndiye anayeumia zaidi akidanganywa, kwa kuwa hana duka jirani la kurudishia.

Baridi ipo Afrika Mashariki

Naitrojeni ya kimiminika si kitu kigeni katika ukanda huu. Wafugaji wameizoea kwa miaka mingi, maana ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kwa ajili ya uhamilishaji wa ng'ombe. Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji cha Usa River, Arusha, kinaitumia, kama zinavyofanya taasisi za Kabete nchini Kenya na Entebbe nchini Uganda. Dar es Salaam ina kampuni ya TOL Gases, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kazi yake ni gesi za viwandani.

Kinachohitaji mtaji ni vitu vingine: sanduku lenye kuta za kuzuia joto, mtambo unaodhibiti kasi ya kupoza, tanuri la kupasha baadaye, na fundi anayejua aina ya kila chuma kinachoingia. Pia inahitaji tahadhari. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikigeuka hewa hujaa karibu lita 700. Ikivuja katika chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Haifai kwa gereji ya uani wala kwa anayetaka kujaribu kwa mtungi wa mifugo.

Njia ya mpakani

Soko lenyewe lipo. Msumbiji na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, na magari ya usukani wa kulia kutoka Japani yamejaa pande zote mbili. Spea ya Hilux inayouzika Mtwara inauzika Palma. Lugha si kikwazo kwa mnunuzi, kwani Kiswahili kinasikika sokoni pamoja na Kimwani na Kimakonde. Karatasi za forodha ndizo zinazotaka Kireno.

Biashara hupita Kilambo, ambako Ruvuma huvukwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa, au huzunguka mbali hadi Daraja la Umoja la Mtambaswala na Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, ambayo eneo lake la biashara huru lilianza mwaka 2008. Lakini nafuu ya ushuru ni ya bidhaa zenye cheti cha uasilia. Gia iliyotengenezwa Japani ikapita Dar es Salaam haigeuki kuwa ya Tanzania. Hata ikipozwa Dar es Salaam, bado ni gia ileile katika orodha ya ushuru. Anayepanga bei kwa kudhani kwamba kupoza ni kutengeneza upya atakutana na hasara kaunta ya forodha.

Vilevile neno "imepozwa" likiandikwa kwenye boksi ni dai la kibiashara kama jina la kampuni. Tanzania ina Tume ya Ushindani, ambayo hukamata bidhaa bandia, pamoja na Shirika la Viwango, TBS. Msumbiji ina taasisi yake ya viwango, INNOQ. Boksi zuri haliwezi kuwa ushahidi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kwa kuwa jicho halioni tofauti, ushahidi lazima utoke kwenye kumbukumbu za karakana. Muuzaji mkweli anaweza kutoa karatasi ya mkupuo huo: namba yake, tarehe, aina ya chuma, kiwango cha baridi kilichofikiwa, saa zilizotumika kushuka, kukaa na kupanda, na moto uliofuata. Asiye na karatasi hiyo anauza hadithi.

Kipimo cha ugumu hakitoshi. Ugumu wa chuma unaweza kuongezeka kidogo tu hata pale ulaji unapopungua kweli, hivyo anayeonyesha namba moja ya ugumu bado hajathibitisha kitu.

Jaribio bora ni la barabarani, na halihitaji maabara. Magari mawili ya aina moja, njia moja na mzigo unaofanana yanafungwa diski, moja zilizopozwa na jingine za kawaida, kwa pedi za aina moja. Upande wa kushoto na wa kulia wa ekseli moja usichanganywe kamwe, kwa sababu breki zinaweza kuvuta upande. Unene wa diski unapimwa kwa kalipa siku ya kufunga, kisha kila baada ya kilomita zilezile. Diski nyingi zimepigwa muhuri wa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na ikifika hapo inatolewa, hata kama iliuzwa kwa ahadi ya miaka kumi.

Mfanyabiashara anayeanza na jozi mbili tatu, akaandika kilomita zake kwenye daftari na kumwonyesha mteja majibu, atakuwa na kitu ambacho mpinzani wake hawezi kukiiga kwa kubandika lebo. Kwenye njia ya Palma, ambako breki ikishindwa hakuna gari jingine la kuita kwa haraka, mteja haulizi spea imetoka wapi peke yake. Anauliza pia nani aliyeiuza, na kama mtu huyo atarudi tena wiki ijayo.